Rolling Stones na Deni la Mississippi (4)

Tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki, waliyopewa Rolling Stones Februari 2025 kwa albamu yao Hackney Diamonds, imewarudisha magazetini, na karibu kila mwandishi amestaajabia jambo lilelile: umri. Mick Jagger na Keith Richards wote ni wa mwaka 1943, Ronnie Wood ni wa 1947, na bendi ilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika klabu ya Marquee, London, tarehe 12 Julai 1962. Sababu zinazotajwa ni afya, fedha na ukaidi. Zote zina uzito, ila hazielezi kwa nini bendi nyingine zenye fedha tele zilisambaratika mapema. Mimi nashikilia kwamba Stones wamedumu kwa kuwa walianza wakiwa wanafunzi, na kila walipopotea njia walirudi kwa walimu wao wa bluzi. Nikiwa sahihi katika hilo, basi hatuna ruhusa ya kuusifu umri wao bila kuuliza walimu hao walipata nini.

Jinsi Jagger na Richards walivyokutana katika stesheni ya Dartford, na jinsi mwenzao Brian Jones alivyolipata jina la bendi kwenye wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950, tumekwisha kuyaeleza katika makala zilizotangulia. Tuangalie yaliyofuata. Juni 1964, katika safari yao ya kwanza Marekani, walikwenda kurekodi Chicago katika studio za Chess, jengo namba 2120 barabara ya South Michigan, mahali palepale walipokuwa wakirekodi Muddy Waters na Howlin' Wolf. Mwishoni mwa mwaka huo wakaufikisha Little Red Rooster, utunzi wa Willie Dixon, kileleni mwa chati ya Uingereza, mahali ambapo muziki wa bluzi haukuwa umewahi kufika. Mei 1965 kipindi cha televisheni cha Shindig! kilipowaalika, waliomba Howlin' Wolf naye aalikwe. Picha za kipindi hicho zipo hadi leo: pande la mtu, anakaribia miaka 55, anaimba kwa sauti ya mkwaruzo huku akitikisa jukwaa, na wale vijana waliokuwa wakizimiwa na wasichana wa bara zima wameketi chini karibu na miguu yake kama watoto wa madrasa. Wamarekani wengi weupe walimwona mwanamuziki huyo wa nchi yao kwa mara ya kwanza kwa sababu Waingereza walimdai.

Uanafunzi huo ndio uliowaokoa. Mwaka 1967 walifuata mkumbo wa muziki wa ndoto na madoido katika Their Satanic Majesties Request, wakapwaya. Mwaka uliofuata wakashika tena magitaa ya mbao na mitindo ya Mississippi, ikazaliwa Beggars Banquet, na miaka minne iliyofuata ndiyo iliyowajengea heshima wanayoila hadi leo. Jambo hilohilo lilijirudia uzeeni. Baada ya A Bigger Bang ya 2005 walikaa zaidi ya miaka kumi bila albamu mpya ya studio. Desemba 2015 nyimbo mpya zilipogoma, wakapasha moto kwa wimbo wa Little Walter, na ndani ya siku tatu wakawa na albamu nzima ya bluzi za watu wengine, Blue & Lonesome. Charlie Watts, mpiga drams aliyefariki Agosti 2021, anasikika humo akiwa mtulivu kuliko wote, kwa maana ule ndio muziki alioujua kwa mifupa yake.

Sasa tufungue daftari la madeni. Ndani ya hiyo Beggars Banquet umo wimbo Prodigal Son, kisa cha mwana mpotevu wa Injili ya Luka. Mwenye wimbo ni Robert Wilkins, mzaliwa wa Hernando, Mississippi, aliyeurekodi mwaka 1929 kwa maneno ya kidunia, kisha akaokoka, akawa mchungaji, na katika miaka ya 1960 akaurekodi upya kwa maneno ya Biblia. Toleo la kwanza la Stones lilitaja watunzi wawili: Jagger na Richards. Kosa lilisahihishwa baadaye, nami nalihesabu sahihisho hilo kuwa jema, lakini mtu aliyepiga gitaa lake tangu kabla wao hawajazaliwa hakupaswa kusubiri hata siku moja. Mwaka mmoja baadaye, katika Let It Bleed, Love in Vain ya Robert Johnson ilipewa mtunzi aitwaye Woody Payne, jina la bandia. Johnson alikuwa amefariki tangu 1938. Ilipofika mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliikataa hoja ya ABKCO, kampuni iliyomiliki nyimbo za Stones za miaka ya 1960, kwamba nyimbo za Johnson zilikwisha kuwa mali ya umma.

Wapo watakaosema bluzi ni mali ya wote, kila mmoja huchota alikokuta, na Johnson mwenyewe aliujenga wimbo huo juu ya muziki wa Leroy Carr. Ni kweli kwamba alichota, na hakuna sanaa inayokua bila kuchota. Lakini lebo ya santuri ni hati ya malipo: jina lililoandikwa pale ndilo linalopelekewa mirabaha, mwaka hadi mwaka, hata kwa wajukuu. Wengine husema Stones waliwalipa wazee hao kwa umaarufu, kwa kuwarudisha majukwaani. Umaarufu ni kitu, ila haulipi kodi ya nyumba wala haununui dawa. Angalieni You Gotta Move katika Sticky Fingers ya 1971. Hapo mirabaha ilimfikia Fred McDowell, mkulima na mwanabluzi wa Mississippi, kabla hajafariki Julai 1972, kwa kuwa Chris Strachwitz wa kampuni ndogo ya Arhoolie aliipigania. Aliyempatia mzee haki yake ni mtu aliyesoma mikataba.

Stones wenyewe walionja shubiri hiyohiyo. Kwa mikataba ya meneja wao Allen Klein, nyimbo zao za miaka ya 1960 ziliangukia mikononi mwa ABKCO, kampuni ya Klein. Mwaka 1997 kundi la The Verve lilipotumia kipande cha rekodi ya okestra ya The Last Time, Klein alidai wimbo mzima, na Bitter Sweet Symphony ukaandikwa utunzi wa Jagger na Richards, ingawa sauti zile za vinanda zilipangwa na David Whitaker, na The Last Time yenyewe, kama Richards alivyokiri, ilitokana na wimbo wa kanisani ulioimbwa na Staple Singers. Mei 2019 wawili hao walimrudishia Richard Ashcroft wa The Verve haki zake zote. Sikuona tendo lao jingine katika miaka hiyo lililostahili sifa zaidi.

Kuhusu albamu iliyoshinda, sina mengi. Ni nzuri kuliko ilivyotarajiwa, Steve Jordan anashika drams kwa adabu, na Watts anasikika katika nyimbo mbili alizorekodi kabla ya kifo chake. Inafungwa kwa ule wimbo wa Muddy Waters ulioipa bendi jina, Jagger kwenye harmonika na Richards kwenye gitaa, wawili peke yao, na safari hii mtunzi ametajwa ipasavyo. Wanaouliza kama bendi itazunguka tena wamepewa majibu mengi na magazeti mengine. Makala ijayo itamhusu Willie Dixon: jinsi yeye na Muddy Waters walivyoishtaki kampuni ya Arc Music katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mirabaha yao, jinsi alivyowashtaki Led Zeppelin mwaka 1985, na jinsi lile jengo namba 2120 lilivyokuja kumilikiwa na familia yake.