Tumerudi Dzaleka, je, kwa Mungu tumerudi?

Mwezi huu tuongee jambo ambalo wengi tunalificha: imani iliyopoa. Kanisani tunaenda, msikitini tunaenda, tunaimba na kupiga makofi, lakini moyoni tuliacha kuomba zamani. Sisi tunaoandika ukurasa huu tumo humo pia, tusidanganyane.

Kwa familia nyingi ilianzia mwaka 2023. Mwezi wa Machi serikali ya Malawi ilitoa amri kwamba wakimbizi wanaokaa nje ya kambi warudi Dzaleka, mwisho tarehe 15 Aprili. Amri kama hiyo ilishatoka mwaka 2021 ikasimamishwa mahakamani, basi watu wakafikiri na hii itapita. Haikupita. Mwezi wa Mei polisi wakaanza kukamata watu Lilongwe, maduka yakafungwa, na kuna familia zilizopitishwa jela ya Maula, watoto wadogo wakiwemo, kabla ya kuletwa hapa. Ni kilomita 45 hivi tu, lakini aliyesafiri siku ile anajua urefu wake.

Mama mmoja wa Kongo, jirani yetu, alikuwa na kiduka huko mjini. Mchele, mafuta ya kupikia, vitenge kidogo. Alikijenga miaka mingi, na kila Jumapili alitoa fungu la kumi bila kukosa. Alifika hapa na godoro moja, masufuria mawili na watoto wanne. Alitusimulia kwamba usiku wa kwanza alimwambia Mungu waziwazi kuwa wameachana, kila mtu ashike njia yake.

Wahubiri walikuja, tena wengi. Mmoja akamwambia eti alipoteza duka kwa sababu ya dhambi aliyoificha. Mama akamfukuza, na sisi tunaona alifanya vizuri. Mtu aliyepoteza kila kitu hahitaji kuongezewa na mashtaka.

Aliyemsaidia ni mama wa Kirundi wa nyumba ya pili. Alikuja jioni na beseni ya unga, wiki ileile ambayo kwake pia chakula kilikuwa kidogo, si mnajua msaada unavyopunguzwa siku hizi. Akaweka unga chini, akakaa, hakuhubiri. Kesho yake akaja tena bila kitu, akakaa tu, wakachambua maharagi pamoja. Jioni ya nne, kabla ya kuondoka, akaomba kwa Kirundi. Yule mama yetu hakijui Kirundi hata kidogo. Lakini katikati ya maneno yale akasikia majina ya watoto wake wanne, mmoja baada ya mwingine. Kumbe jirani alikuwa ameyashika yote! Alilia mpaka watoto wakaogopa.

Tangu hapo alianza kuomba tena, ila mwanzoni alikuwa anagombana. Anamuuliza Mungu kuhusu duka, kuhusu karo, kuhusu mume wake asiyejulikana alipo. Wengine wakamwonya kwamba hivyo ni kufuru. Jamani, hao wamesoma Biblia gani? Zaburi nyingi ni malalamiko ya mtu aliyechoka. Ayubu alilalamika sura baada ya sura. Anayegombana na Mungu bado anaongea naye. Hatari ni kule kunyamaza, na wengi wetu ndiko tuliko.

Kuna hatari nyingine, lazima tuiseme hata kama wengine watakasirika. Wapo wanaojiita manabii wanaouza mafuta na maji ya maombi, wakiahidi kwamba ukitoa sadaka fulani jina lako litatoka upande ndege. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata watu waliokuwa na tarehe ya safari, safari zao zikafutwa. Je, hao walikosa imani? Hapana. Karatasi ilisainiwa Washington, na nabii wa hapa kambini hana mkono mle. Ukimrudia Mungu ili upate ndege, ndege isipokuja utamwacha tena.

Someni Yeremia sura ya 29. Wayahudi walikuwa wamehamishwa Babeli, na manabii wao walikuwa wanawaahidi kurudi nyumbani upesi. Yeremia akawaandikia barua isiyopendeza: kaeni, jengeni nyumba, limeni bustani, ozesheni watoto, tena uombeeni mji huohuo mliopelekwa, maana itachukua miaka 70. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kama 10,000 hivi, leo tumepita 50,000, na wapo waliozaliwa hapa wenye watoto wao tayari. Barua ile inatuhusu. Ndugu zetu Waislamu nao wana habari yao: wafuasi wa kwanza wa Mtume walikimbilia Habasha, wakapokewa na mfalme Mkristo, na dini yao wakaishika ugenini.

Hata pahali hapa penyewe pana historia. Kabla ya kambi, Dzaleka ilikuwa jela ya siasa wakati wa Kamuzu Banda. Wenyeji wanatueleza kwamba jina linatokana na neno la Kichewa la mtu anayesema ataacha, hatarudia tena. Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku mwaka 1967, wakateswa kwa kukataa kununua kadi za chama, maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Ndiyo, Wamalawi nao walikuwa wakimbizi kwa sababu ya imani. Marufuku iliondolewa mwaka 1993. Mafundisho yao si yetu sote, lakini habari hiyo inatutia nguvu. Jela ilitaka watu waseme "nitaacha" kwa fimbo. Toba pia husema "nitaacha", ila hakuna anayekushikia fimbo.

Mtu ataanzia wapi? Si lazima mkesha. Familia moja tunayoijua huzima simu baada ya bukari ya jioni, kila mtoto anataja jambo moja la siku hiyo, zuri au baya, halafu baba anaomba dakika mbili. Baba mwenyewe alituambia kwamba siku nyingine hana maneno, anataja majina tu.

Na yule mama? Duka halijarudi. Anauza maandazi karibu na barabara, siku nyingine yanabaki. Tulipompitia juzi alikuwa anamwomba jirani amfundishe ile sala kwa Kirundi, na watoto walikuwa wanamcheka anavyotamka.