Jalada la Mgonjwa Lisipotee na Haki Yake

Mwananchi anapoingia hospitali huukabidhi mwili wake kwa watu ambao pengine hawajui hata kwa majina, akiamini kuwa wana elimu asiyokuwa nayo na kwamba wataitumia kwa uangalifu. Kwa kawaida imani hiyo haiendi bure. Watumishi wa afya wa Unguja na Pemba, walio wengi wao, hufanya kazi usiku na mchana kwa vifaa haba na mbele ya foleni ndefu, nao wanastahili shukurani ya kila mmoja wetu. Lakini yapo mambo yanayoharibika, na mengine huharibika kwa uzembe. Hapo ndipo linapozuka suala ambalo visiwani kwetu huzungumzwa kwa minong'ono barazani, na kwa nadra sana mbele ya wakili: aliyedhurika anaweza kudai haki yake, na aidai vipi?

Wengi hulifunga suala hilo kwa kusema kuwa ndivyo Mwenyezi Mungu alivyokadiria. Subira ni jambo jema, wala hapana anayeweza kumlaumu aliyefiwa kwa kuishika. Hata hivyo, kuamini kadari hakumwondolei mwanadamu dhamana ya kazi ya mikono yake. Wanazuoni wa fikihi tangu zama za kale wamefundisha kuwa anayejitia utabibu bila ya kuujua hudhamini madhara anayoyasababisha. Mzazi ambaye mtoto wake amepata ulemavu kwa uzembe wakati wa kuzaliwa hadai ili kushindana na Mola wake. Anadai kwa sababu mtoto huyo atahitaji dawa, mazoezi na mtu wa kumshughulikia kila siku ya maisha yake, na gharama hizo hazibebeki kwa subira peke yake.

Yafaa kwanza ifahamike sheria inaita kitu gani uzembe. Si kila tiba iliyoshindwa ni kosa, kwani maradhi huweza kumshinda hata bingwa. Mdai hana budi kuthibitisha mambo matatu: kwamba tabibu au hospitali ilikuwa na wajibu wa uangalifu juu yake, kwamba wajibu huo ulivunjwa, na kwamba madhara aliyoyapata yametokana na kuvunjwa huko, si na ugonjwa wenyewe. Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote, na madai mengi huangukia hapo.

Sheria zetu za madai zina asili ya Kiingereza, na mahakama zetu huyatazama maamuzi ya huko kama mwongozo. Mwaka 1951 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Cassidy, mtu aliyeingia hospitali kutibiwa vidole viwili vilivyokakamaa, akatoka vidole vinne vikiwa vimekakamaa na mkono haufai kitu. Mahakama ilisema kuwa katika hali kama hiyo ni juu ya hospitali kueleza ilikuwaje, na kwamba hospitali hujibu kwa makosa ya watumishi wake. Kwa hiyo mdai halazimiki kumwandama muuguzi mmoja mnyonge; aliyemwajiri ndiye wa kuulizwa. Mwaka 1957, katika kesi ya Bolam, ilisemwa kuwa daktari hana hatia ikiwa alifuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la madaktari wenzake wanaoaminika. Mwaka 1997, katika kesi ya Bolitho, ikaongezwa kuwa rai ya madaktari hao lazima isimame juu ya hoja yenye mantiki.

Kutokana na misingi hiyo, ushahidi wa daktari mwingine karibu hauepukiki, na ndio maana mwananchi hawezi kuiendea njia hii peke yake. Katika visiwa ambavyo madaktari wamesoma pamoja, wanafanya kazi pamoja na huenda wameoana, si rahisi kumpata atakayesimama kizimbani na kusema kuwa mwenzake alikosea. Wakili mzuri hulijua hilo mapema, na humtafuta bingwa kutoka Dar es Salaam au mbali zaidi, amsomee jalada kabla ya kesi kufunguliwa. Kadhalika wakili mwaminifu humwambia mteja wake ukweli mchungu pale anapoona kuwa madai hayana miguu, naye huyaandika mapatano ya malipo yake tangu siku ya kwanza.

Wazee wetu watakumbuka kuwa msaada huo haukuwapo siku zote. Mwaka 1970 visiwa hivi viliingia katika mfumo wa mahakama za wananchi ambamo mawakili hawakuruhusiwa kusimama, na mfumo huo haukuondolewa hadi katikati ya miaka ya 1980. Leo milango iko wazi. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwapo tangu 1992, na mwaka 2018 ilitungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wale wasio na uwezo. Mwenye dhiki asikate tamaa kwa kudhani kuwa wakili ni wa matajiri tu.

Adui mkubwa wa mdai ni wakati. Tena mgonjwa wa visiwani ana mtihani ambao mwenzake wa Bara hana. Matibabu yake huweza kuanza Mnazi Mmoja au Chake Chake, yakamalizikia Muhimbili kwa rufaa, na kila upande wa bahari una sheria zake na Mwanasheria Mkuu wake. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 humpa mwenye madai ya uzembe miaka 3. Na anayekusudia kuishitaki Serikali hana budi kutoa taarifa ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Zanzibar ina sheria zake za ukomo na za mashauri dhidi ya Serikali, na haifai kuzikisia kwa kuangalia za Bara. Swali la kwanza kwa wakili liwe hili: kosa lilitokea wapi, na mwisho wa muda wangu ni siku gani?

Kabla hata ya kumwona wakili, yapo mambo ambayo jamaa wa mgonjwa wanaweza kuyafanya bila ya gharama kubwa. Waandike tarehe na saa: lini walifika, nani aliwapokea, walisubiri muda gani, waliambiwa nini. Wahifadhi kadi, risiti, picha za eksirei na vyeti vya dawa. Waombe nakala ya jalada kwa barua, na wabakiwe na nakala ya barua hiyo ikiwa na mhuri wa kupokelewa. Ikiwa mgonjwa amefariki na upo wasiwasi wa kweli, waombe uchunguzi wa maiti siku ile ile. Tunajua kuwa maziko kwetu huharakishwa, na kulisema jambo hili mbele ya jeneza ni kuzito. Lakini udongo ukishafukiwa, mara nyingi na ushahidi umefukiwa. Aidha, wasitie saini karatasi yoyote ya kumaliza shauri kabla haijasomwa na mwanasheria. Sulhu ni heri, lakini sulhu ya haki ni ile ambayo kila upande unajua unachokiacha.

Kwa upande wa wakuu wa Serikali, tunapenda kusema kuwa madai haya yasitazamwe kama uadui. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, wagonjwa wawili walibadilishwa: aliyestahili kupasuliwa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Wa kichwa alifariki baadaye. Taifa zima lilishituka, na hapana aliyehitaji ushahidi wa bingwa kutambua kuwa palikuwa na kosa. Kinga yake si ghali. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikishwa kabla, wakati na baada ya upasuaji, la kwanza likiwa kumtambua mgonjwa mwenyewe. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji 8 duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara hapa nchini. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine kutoka asilimia 11 hadi 7.

Hospitali inayojua kuwa itaulizwa huandika vizuri, na inayoandika vizuri hutibu vizuri. Daktari mwadilifu naye hana ngao bora kuliko jalada lililo kamili, kwa sababu ndilo litakalomtetea siku atakaposhitakiwa bure. Kwa hivyo tunawaomba wahusika mambo mawili. La kwanza, kila hospitali, ya Serikali na ya binafsi, iwe na utaratibu ulio wazi wa kumpa mgonjwa au warithi wake nakala ya jalada katika muda unaojulikana, na ubandikwe ukutani pale watu wanaposubiri. La pili, malalamiko yachunguzwe na watu wasiokuwa wa idara iliyolalamikiwa, na majibu yatolewe kwa maandishi.

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Haki ya aliyedhurika nayo hujazwa hivyo hivyo, kwa risiti, kwa tarehe na kwa barua yenye mhuri. Mwananchi azikusanye mapema, na ofisi zisimzuie.