Mama na Wanawe Katika Gari Moshi

Hapa Pemba hatuna gari moshi. Safari yetu kubwa ni kuvuka bahari, kutoka Mkoani kwenda Unguja. Siku si nyingi nilivuka na mama yangu mzazi. Tulipokuwa katikati ya maji akanyosha mkono upande wa Bara, akasema, “Mwanangu, baba yangu alitoka kule kuja kuchuma karafuu, nami nikiwa mgongoni mwa mama.” Umri wangu umepita miaka thelathini, lakini habari hiyo sikupata kuisikia hata siku moja. Ndipo nikamkumbuka mama mwingine, mzaliwa wa Unguja, aliyesafiri na wanawe katika miji ya Ulaya.

Mama huyo ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Alipendana na mfanya biashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, na mwaka 1866 akaondoka Unguja kwa siri mpaka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, na mwaka 1867 akabatizwa, akaitwa Emily, wakafunga ndoa.

Basi wakashika njia ya Ulaya. Lakini safari hiyo ya kwanza ilikuwa chungu, maana mtoto wao mchanga alifariki njiani, katika nchi ya Ufaransa, kabla hawajafika kwao Bwana Ruete, mjini Hamburg. Baadaye walipata watoto watatu: Antonie, Said na Rosalie. Mwaka 1870 baba yao akapatwa na ajali ya gari la abiria lililovutwa na farasi, akafa. Mkubwa wa watoto alikuwa na miaka miwili tu.

Mjane huyo akahama mji hata mji: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Watoto wakakua katika Kijerumani. Juu ya asili ya mama yao walijua machache, ya kwamba ni Mwarabu na ametoka Unguja. Akaogopa asije akafa kabla ya kuwasimulia, akaanza kuwaandikia habari za maisha yake. Maandiko hayo yakatoka kuwa kitabu mwaka 1886.

Hata tarehe 1 Julai 1885 akapanda nao gari moshi mjini Berlin. Wakapita Breslau, ambao leo ni mji wa Poland, wakapita Vienna, wakafika Trieste penye bahari, kisha wakaingia merikebuni kwenda Misri, na kutoka Misri mpaka Unguja.

Fikiri kidogo, msomaji mpenzi. Ndani ya gari moshi wenyeji walikuwa watoto. Lugha ni yao, nchi ni yao, na mama ndiye mgeni. Lakini mbele ya safari mambo yaligeuka: mama akawa mwenyeji, na watoto wakawa wageni wake.

Walifika mwezi wa Agosti. Ndugu yake, Sultani Barghash, alikataa kumpokea, wala urithi alioutaka hakuupata. Nyumba ya Mtoni aliikuta magofu. Kwa mali, safari ile ilikuwa hasara. Lakini watoto wale waliona kwa macho yao mahali alipozaliwa mama yao, na mtu hawezi kuwanyang'anya jambo hilo.

Bibi huyo alifariki mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Katika vitu vyake ulionekana mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nao huko Hamburg.

Enyi wazazi, msingoje safari ya mbali. Watoto wetu wanajua kusoma na kuhesabu, lakini wangapi wanajua babu yao alitoka wapi, na kwa nini alikuja? Mnapokwenda nao shambani, au mnapongoja chombo gatini, wasimulieni. Nanyi vijana, waulizeni wazee maadamu wapo. Mimi nilikaa miaka thelathini bila kuuliza, na mama naye alidhani sina haja ya kujua.