Tingatinga wa Tunduru na somo la msanii kutazama kwao

WAPO vijana wengi wenye vipaji vya kuchora, kuchonga na kutunga ambao huamini kuwa ilhamu ni kitu kinachofuatwa mbali. Kwa mtazamo huo, kijana aliyezaliwa Mbesa, mkoani Ruvuma, hana cha kuchora mpaka afike Dar es Salaam na kuona bahari, majengo marefu na watalii.

Imani hiyo inapingwa na historia ya wilaya yake mwenyewe. Mmoja wa wachoraji wa Kitanzania wanaofahamika zaidi duniani alizaliwa Tunduru, ilimo Mbesa, na aliyowachora hasa ni tembo, chui na ndege.

Huyo ni Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho leo hujulikana kwa jina la Nakapanya. Kama vijana wengi wa kusini wa zama zake, aliondoka kwao kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako alifanya kazi mbalimbali, ikiwamo ya kutunza bustani.

Tingatinga hakupita katika chuo chochote cha sanaa. Alipoanza kuchora, mnamo mwaka 1968, alitumia vitu vilivyokuwa mikononi mwa watu wa kipato chake: vipande vya hadibodi, ambazo mafundi walizitumia kwa dari, na rangi ya kupakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, eneo la Oyster Bay.

Watafiti hawajakubaliana kuhusu chanzo cha mtindo wake. Wapo wanaosema alichochewa na biashara ya picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam. Wengine wanauhusisha mtindo huo na desturi ya watu wa kusini ya kupamba kuta za nyumba kwa michoro.

Maelezo hayo mawili hayapingani. Soko la mjini linaweza kumwonyesha mtu kwamba picha hununuliwa, lakini haliwezi kumpa kitu cha kuchora. Hicho hutoka katika akiba ya mambo aliyoyatazama, na akiba ya Tingatinga ilianza kujazwa porini Tunduru.

Kuona na kutazama

Kiswahili hutenganisha kuona na kutazama. Kila mwenye macho huona, lakini kutazama ni kazi inayohitaji muda na subira. Mtu anaweza kuuona mwembe ulio mbele ya nyumba yake kwa miaka 20 na bado akashindwa kueleza matawi yake yameanzia wapi.

Mazingira ya Mbesa yanampa mtazamaji mengi. Kabla ya mvua za kwanza, wakati ardhi ingali kavu na nyasi zimeungua, miti ya miombo hutoa majani machanga mekundu na ya rangi ya shaba. Baada ya majuma machache majani hayo huwa ya kijani. Asiyetazama atasema pori ni la kijani siku zote, na hivyo ndivyo atakavyolichora.

Mfano mwingine ni korosho, zao linalowapa wakulima wengi wa Tunduru fedha. Umbo lake lililopinda limekuwa moja ya mapambo yanayofahamika sana katika kanga. Tunda linalookotwa chini ya mti na umbo linalovaliwa kiunoni ni kitu kile kile. Tofauti ni kwamba yupo aliyelitambua kuwa ni pambo.

Wachongaji wa Kimakonde nao wanalijua somo hili. Mchongaji hulisoma gogo la mpingo kabla ya kulitia tezo: lilivyopinda, penye tundu au kifundo, na mahali ngozi nyeupe inapokutana na kiini cheusi. Mara nyingi umbo la gogo ndilo linaloamua kinyago kitakuwa nini. George Lilanga, msanii wa Kimakonde aliyeishi kati ya mwaka 1934 na 2005, alianza kuchonga kwa mizizi ya mihogo kabla ya kufikia miti migumu na, baadaye, umaarufu wa kimataifa.

Hatua za kujizoeza

Kutazama ni stadi, na kama stadi nyingine hujengwa kwa mazoezi. La kwanza ni kurudia. Chagua kitu kimoja, tuseme kisima cha kijiji, ukitazame alfajiri, mchana na jioni, masika na kiangazi. Utagundua kuwa ni visima vingi katika kimoja.

La pili ni kujifunza majina. Waulize wazee jina la kila mti, ndege na mdudu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Aliyejua jina la ndege huanza kumtofautisha na wenzake, na kutofautisha ndiko mwanzo wa kuchora vizuri.

La tatu ni kupunguza. Katika picha za Tingatinga, mara nyingi mnyama mmoja hujaza ubao, na nyuma yake ni rangi tupu. Mchoraji ameamua kipi kibaki na kipi kiachwe, na uamuzi huo hauwezekani kwa mtu asiyekijua vyema kitu anachokichora.

Hatari ya kunakili

Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi jijini Dar es Salaam mwaka 1972, baada ya kuchora kwa takriban miaka minne tu. Jamaa na wanafunzi wake waliuendeleza mtindo, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Jina lake likawa jina la mtindo mzima, na familia nyingi zimeishi kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, mafanikio hayo yamezaa tatizo. Picha inayonunuliwa haraka hunakiliwa haraka, na zipo nyingi za twiga mbele ya Mlima Kilimanjaro. Kijana wa Tunduru anayezinakili anachora mlima usioonekana kwao na mnyama asiyepatikana katika mapori ya huko, kwa kuwa twiga hawaishi kusini ya Mto Rufiji.

Wakati huohuo, kile kilicho chake kinaweza kumponyoka. Tunduru imo katika ushoroba unaoyaunganisha mapori ya Selous na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji. Katika miaka ya 1970, tembo wa Selous na maeneo jirani walikadiriwa kuzidi 100,000. Sensa ya mwaka 2013, baada ya wimbi la ujangili, ilikuta takriban 13,000. Mpingo nao huchukua miongo mingi kukomaa.

Hasara hiyo humwangukia msanii pia. Kizazi kisichomwona tembo kitamchora kwa kutazama picha za waliomwona, na kila nakala itapungukiwa na kitu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa msanii wa Mbesa, kwao ni pamoja na miombo, mikorosho, kuta za udongo na nyayo za wanyama njiani. Soko la Dar es Salaam lipo na litaendelea kuwapo, lakini atakayefika huko akiwa amekwisha kuyatazama hayo atakuwa na kitu cha kuuza ambacho wengine hawana.