Gari la babu: Ligonge nyundo kabla ya kulipaka rangi

Je, huko kwenu mashambani kuna Land Rover kuukuu iliyoinuliwa juu ya mawe, kuku wakitaga mahali palipokuwa kiti cha dereva? Ikiwa ipo, msomaji, yamkini umewahi kuitazama Krismasi ulipokwenda kuwaona wazee, ukajiambia kwamba siku moja utaivuta hadi mjini, uifufue na kuipakia jamii yako safari ya Magadi au Maralal.

Ni wazo jema. Taabu ni kwamba wengi wanaofufua magari haya huanzia mwisho. Hununua rangi, magurudumu mapana na taa za kumulika porini, kisha hutafuta injini yenye nguvu maradufu. Chesisi na breki huambiwa zingoje hadi pesa zipatikane. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tofauti ni kwamba mkakasi haubebi watoto wako ukiteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu.

Kwa nini linadanganya macho

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani katika maonyesho ya magari ya Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Aliyeibuni ni Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, aliyekuwa akitumia Jeep kuukuu ya jeshi katika shamba lake kisiwani Anglesey. Wakati huo, baada ya Vita Vikuu vya Pili, chuma kilikuwa adimu. Kwa hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, bali chesisi ikabaki ya chuma.

Toleo la Series II lilifuata mwaka wa 1958, IIA mwaka wa 1961, na Series III likatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hapa kwetu, kiwanda cha Leyland Kenya mjini Thika kilikuwa miongoni mwa vilivyounganisha magari haya.

Siri ya gari la babu iko katika mchanganyiko huo wa madini. Aluminiamu haioti kutu nyekundu, kwa hivyo bodi inaweza kuonekana nzima baada ya miaka 50 ya mvua. Chini yake, chesisi iliyo kama bomba la mraba huwa imejaa matope na maji, nayo huoza kutoka ndani kwenda nje. Ukiona kitobo, jua ugonjwa ni wa zamani.

Nyundo na sumaku

Chukua nyundo ndogo, ulale chini ya gari na kuigonga chesisi hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa mlio mzito, mfu, na wakati mwingine nyundo huzama. Gonga hasa boriti ya nyuma kabisa, mahali springi zinaposhikilia, na mikono inayobeba ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria. Kagua pia mahali pa kuweka miguu. Maji hupenda kutuama hapo.

Kwenye milango, tumia sumaku. Inaponata kuna chuma, isiponata ni aluminiamu. Mahali madini hayo mawili yanapokutana penye unyevu, utaona unga mweupe. Hapo aluminiamu inaliwa. Gari lililokaa Malindi au Lamu, penye upepo wa chumvi, lichunguze maradufu kuliko lililokaa Isiolo.

Ikiwa kilichooza ni kipande, fundi hodari wa kuchomelea atakikata chote na kutia chuma kipya chenye unene ule ule. Usikubali kubandikiwa kiraka juu ya kutu. Na kabla cheche hazijaruka, kumbuka kwamba katika nyingi ya Land Rover hizi tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele. Litolewe kabisa na kuwekwa mbali. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni bomu.

Breki kabla ya injini

Magari haya hutumia breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Matoleo mengi ya zamani yana mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki. Bomba likipasuka kwenye gurudumu moja, kanyagio huenda hadi chini na gurudumu lolote lile halishiki. Ndiyo sababu breki hazirekebishwi nusu nusu. Badilisha masta silinda, silinda ndogo za kila gurudumu, mabomba yote na lainingi. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu hewani. Yaliyokaa miaka ni sumu kwa chuma.

Vumbi la lainingi za zamani huenda lina asbestosi, inayodhuru mapafu. Usilipulize kwa hewa. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji, na watoto wakae mbali. Aidha, usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Weka stendi madhubuti.

Sasa njoo kwenye injini. Iliyolala kwa miaka isiamshwe kwa betri. Mwaga petroli iliyooza, toa plagi, tia mafuta kidogo kwenye kila silinda, uache siku moja au mbili. Kisha zungusha polepole kwa hendeli. Ikizunguka, pima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kuamua kama inahitaji kufunguliwa. Ikifunguliwa, kumbuka kwamba petroli yenye madini ya risasi iliondolewa nchini kufikia 2006. Mwombe fundi akague vikalio vya valvu na kutia vigumu vinavyostahimili petroli ya sasa.

Mabadiliko yenye akili

Hapa ndipo vijana wengi huteleza. Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyotumika katika nyingi ya Land Rover za Series II na III, ina nguvu za farasi zipatazo 70. Ekseli, gia na breki vilipimwa kulingana na nguvu hiyo. Ukitia dizeli ya Kijapani yenye nguvu zaidi bila kugusa vingine, ekseli za nyuma, ambazo tangu hapo zinajulikana kwa kukatika, zitakuacha porini. Isitoshe, utakuwa umelipa gari mbio bila kulipa uwezo wa kusimama.

Mabadiliko ya kwanza yawe yale yanayolinda uhai: masta silinda yenye mifumo miwili, kifaa cha kuongeza nguvu za breki, alteneta badala ya dainamo, na taa zinazoonyesha barabara. Viti vya nyuma vya kutazamana viliwafaa askari na vibarua. Kwa watoto, weka viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda iliyofungwa kwenye chuma kizima.

Jifunze pia gari lenyewe. Kirungu cha manjano kikisukumwa chini huunganisha magurudumu ya mbele. Kirungu chekundu kikivutwa nyuma huleta gia nzito za mlimani na matopeni. Vitumie penye utelezi tu. Kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana na kuvunja gia.

Karatasi nazo zisisahaulike. Hakikisha nambari ya chesisi inalingana na iliyo kwenye kitabu cha usajili. Ukibadilisha injini au rangi, sharti uijulishe NTSA ili rekodi zisahihishwe. Na ikiwa mwenye gari ameaga dunia, gari ni sehemu ya mirathi. Keti na wajomba na amu zako, mpate hati ya mahakama, kisha ulihamishe jina. Gari bovu halina mgombeaji, lakini likishang'aa, warithi hutokea hata wale usiowajua.

Kazi ya nyumba nzima

Huhitaji utajiri mkubwa kwa siku moja. Unahitaji subira na daftari. Andika kila shilingi unayotumia, na usiilegeze kazi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Vipuri utavitafuta Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Vya kuchonga utawapelekea mafundi wa jua kali. Mlipe fundi kwa hatua, baada ya kuona kazi.

Washirikishe watoto. Wa shule ya msingi atie bolti kwenye mikebe ya Kimbo na kuandika zilikotolewa. Wa kidato cha tatu, anayelalamikia fizikia, ashike spana ndefu na fupi aone nguvu za wenzo kwa mkono wake. Mzee wa gereji hana kitabu, lakini kijana akimsikiliza atatoka na ufundi.

Kwa kawaida sheria za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililozidi umri wa miaka minane. Kwa hivyo Land Rover za kale tulizonazo hazitaongezwa nyingine, na kila inayokatwa kuwa chuma chakavu imekwenda. Hiyo ni sababu tosha ya kuifufua ya kwenu, na ya kuifufua kwa utaratibu: chesisi, breki, usukani, injini, nyaya, kisha viti. Rangi, hata iwe ya kupendeza namna gani, ije mwisho.