Mdudu Akifa, Sumu Hubaki

Watu wa Masinga, kaunti ya Machakos, hawahitaji kufunzwa kwamba chakula kilichochemka vizuri kinaweza kuua. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu, yalizilemea Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Kufikia Julai wagonjwa 317 walikuwa wameandikishwa, na 125 kati yao walifariki. Moto wa jikoni uliua kuvu, lakini sumu yake ikabaki ndani ya chakula. Ziko sumu za bakteria zenye tabia hiyohiyo, nazo tunazizungumza kidogo mno.

Bakteria ninayemzungumzia hapa anaitwa Staphylococcus aureus. Karibu theluthi ya watu wazima humbeba puani bila kujua wala kuumwa. Ndiye mara nyingi anayesababisha majipu, na ndiye anayejaza usaha kwenye kidole kilichokatwa na panga. Baadhi ya aina zake hutengeneza protini zenye sumu kali.

Chukua sufuria ya muthokoi iliyopakuliwa mchana na mtu mwenye kidonda kidoleni, kisha ikaachwa juu ya mafiga hadi kesho yake. Kwa joto la Masinga, bakteria huzaana humo usiku kucha na kumwaga sumu. Asubuhi muthokoi unachemshwa tena mpaka unatoa mapovu, na bakteria wote wanakufa. Sumu yao hustahimili mchemko huo. Ndani ya saa chache nyumba nzima inatapika. Kwa bahati nzuri, wengi hupona baada ya siku moja.

Sumu nyingine ya ukoo huohuo haina huruma kiasi hicho. Hiyo huingia moja kwa moja kwenye damu, na ugonjwa wake madaktari huuita mshtuko wa sumu. Kwa kawaida kila seli ya kinga ya mwili humsubiri adui wake mmoja, hivyo maambukizi yakiingia ni sehemu ndogo sana ya seli hizo inayoamka, pengine moja kati ya 10,000. Sumu hii hupita kando ya utaratibu huo. Hujipachika ubavuni mwa seli mbili za kinga na kuzifunga pamoja kwa nguvu, hata zikadhani zimemwona adui. Hapo seli hadi moja kati ya 5 huitika kwa mpigo, kama kijiji kizima kilichotoka na marungu kwa mayowe ya uongo. Kemikali zinazomwagwa hufanya mishipa ya damu ivuje, shinikizo la damu hushuka, na figo, ini na mapafu huanza kushindwa. Kinachomwangusha mgonjwa ni kinga yake mwenyewe.

Ugonjwa huu ulipewa jina mwaka 1978 na daktari James Todd wa Denver, Marekani, baada ya kuwaona watoto saba waliougua kwa namna moja. Miaka miwili baadaye ukawashika mamia ya wanawake wa nchi hiyo wakiwa katika hedhi. Wengi walikuwa wametumia tamponi zinazofyonza damu nyingi na kukaa mwilini muda mrefu. Chapa moja, Rely, iliondolewa madukani Septemba 1980. Mwaka 1981 watafiti wakaitambua sumu yenyewe.

Wanawake wale hawakuwa wachafu, na jambo hili nalisisitiza. Watu wazima wengi wana kingamwili za kuizima sumu hii, kwa kuwa walikutana na bakteria huyo wakiwa wadogo. Aliye hatarini zaidi ni yule ambaye mwili wake bado haujajifunza, na mara nyingi huyo ni kijana. Msichana anayeficha homa kwa sababu imekuja na hedhi anaonea aibu ugonjwa usio na aibu yoyote.

Hapa Kenya swali la kama vikombe vya hedhi huleta ugonjwa huu lilichunguzwa Gem, kaunti ya Siaya, katika shule 30 za msingi ambako baadhi ya wasichana walipewa vikombe vya hedhi na wengine sodo. Bakteria huyo alipatikana kwa takriban msichana mmoja kati ya 10, na hakukuwa na tofauti ya maana kati ya waliotumia vikombe na wasiotumia. Hakuna hata mmoja aliyepata mshtuko wa sumu. Kwa hiyo sioni sababu ya mzazi wa Kivaa au Ekalakala, huku Masinga, kukiogopa kikombe. La muhimu ni kukimwaga kabla ya saa 12 kupita, kunawa mikono kwa sabuni na kukichemsha kila hedhi inapokwisha.

Tena si ugonjwa wa wanawake peke yao. Takriban nusu ya wagonjwa wa siku hizi hawahusiani na hedhi kabisa. Kuna aliyeungua na uji, aliyetoka kupasuliwa, na mvuvi wa bwawa la Masinga aliyechomwa na mwiba wa perege akapuuza. Bakteria mwingine, streptokoka, hupitia vidonda vidogo kama hivyo, na mshtuko wake huua zaidi.

Shida ni kwamba mwanzo wake unafanana na malaria au taifodi: homa kali ya ghafla, kutapika, kuharisha, misuli kuuma. Vitabu vinataja wekundu wa ngozi kama iliyochomwa na jua, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hufichika. Tazama macho, ulimi na viganja kama vimekuwa vyekundu. Mgonjwa akizimia anaposimama au akianza kuchanganyikiwa, hali imekuwa ya dharura. Ngozi ya viganja na nyayo hubambuka baada ya wiki moja au mbili, na kungoja dalili hiyo ni kuchelewa.

Hospitalini huanza kwa kuondoa chanzo: tamponi, kikombe au usaha. Kisha mgonjwa hupewa dripu nyingi na antibiotiki mbili kwa pamoja. Moja huua bakteria. Nyingine, mara nyingi klindamaisini, huzuia kiwanda chao cha protini ili sumu mpya isitengenezwe.

Ukimpeleka mgonjwa mwenye homa ya namna hii, usingoje kuulizwa. Mwambie mhudumu wa afya mapema kama yuko katika hedhi na anatumia nini, na umwonyeshe kila kidonda, hata kile kilichokwisha kufunga.