Kabla hujanunua tela la korosho, mtoto atakaa wapi?

Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho unapochanganya wilayani Nachingwea na Ruangwa, kila chombo chenye magurudumu hupata kazi. Trekta, pawatila, toyo na baiskeli vyote huelekea kwenye maghala ya vyama vya msingi, AMCOS, vilivyo chini ya chama kikuu cha RUNALI, jina linalounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Pesa za mnada zikiingia, zipo familia zinazoanza kuwaza kuwa na tela lao, ziachane na kukodi kila mwaka.

Ni wazo zuri. Shida ni maswali tunayompelekea fundi: bei gani, linabeba magunia mangapi, litakuwa tayari lini? Swali ambalo ni nadra kusikika ni mtoto atakaa wapi jioni mkirudi kutoka shambani. Jibu tunaliona barabarani: juu ya magunia.

Tuanze na uzito. Gunia la korosho lililojaa hukaribia kilo 80, kwa hiyo magunia kumi ni kama kilo 800, sawa na gari dogo la kutembelea. Dereva akishika breki, uzito wote huo unaendelea kumsukuma kutoka nyuma. Kama tela halina breki zake, chombo cha mbele ndicho kinachofanya kazi yote peke yake, na kwenye mteremko wa changarawe tela linaweza kukizungusha na kukiangusha. Ndiyo maana jambo la kwanza si ukubwa wa bodi bali ni nini kitavuta. Soma uwezo wa kuvuta kwenye kitabu cha chombo chako, usiige mzigo wa jirani. Pikipiki ya kawaida ya abiria haikutengenezwa kuvuta tela la magunia.

La pili ni mahali ekseli ilipo, na hapa mafundi wetu wa kuchomelea hutofautiana sana. Kwa tela la magurudumu mawili, mzigo mkubwa zaidi ukae mbele kidogo ya ekseli ili mkono wa kuvutia ukandamizwe chini. Kipimo kinachotumika sana ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Kwa magunia yako kumi, hiyo ni sawa na gunia moja na ushei kwenye sehemu ya kuunganishia. Mzigo ukilemea nyuma, tela huinua chombo na kuanza kuyumba kadiri mwendo unavyoongezeka. Hata anayevuta boti ndogo ya kuvulia hukutana na jambo hilohilo: injini iko nyuma, hivyo boti husogezwa mbele kwenye tela mpaka uzito ukae sawa.

Pini ya kuunganishia iwe na kifungio, na pembeni uwepo mnyororo wa akiba. Waya na mpira haviwezi kushika mnyororo huo nafasi. Nyuma weka viakisi mwanga vyekundu, kwa sababu mizigo mingi hurudi giza likiingia.

Sasa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mtoto aliyekaa juu ya magunia hana cha kushika, na jioni amechoka, anasinzia. Akianguka kwa mbele, anaangukia kwenye magurudumu ya tela lenyewe. Kukaa kwenye mkono wa kuvutia, kati ya trekta na tela, ni hatari zaidi, ingawa wengi hupaona pazuri kwa kuwa ni karibu na baba.

Kwa maoni yangu, hakuna namna ya kulifanya tela la magunia liwe salama kwa mtoto. Kwenye bajeti ya tela ongeza nauli ya mtu mzima mmoja atakayerudi na watoto kwa chombo kingine msimu mzima. Ukiilinganisha na bei ya tela, ni pesa ndogo.

Ikitokea ameanguka, usimnyanyue kwa kumvuta mkono. Shikilia kichwa na shingo visigeuke mpaka apatikane wa kusaidia kumbeba akiwa amenyooka. Mpeleke hospitali haraka akitapika mara kwa mara, akilala usingizi usio wa kawaida, akipata degedege, au akitoka damu au majimaji masikioni au puani. Hata aliyeinuka akicheka apelekwe kama gurudumu lilimgusa tumboni, kwani damu inaweza kuvuja ndani bila kuonekana.

Liko jambo jingine. Usiku, tela hilohilo hugeuzwa gari la wagonjwa, na mara nyingi anayelazwa humo ni mjamzito. Kabla ya kumpakia, piga 115 bila malipo. Ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Gari la wagonjwa likikosekana, mfumo huo hutuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, na nauli yake hailipwi na familia.